Kumpiga na Kuwapiga

Kariakoo imejengwa juu ya vita. Jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, na midomo yetu ikalikarabati hadi likawa jina la soko. Ukiiacha Msimbazi ukaingia ndani utakutana na mitaa ya Mahiwa, Narung'ombe na Tandamti. Yote matatu ni majina ya mahali kusini, pande za Lindi na Kilwa, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana mwaka 1917 huku wengi wa waliokufa wakiwa ni watu wa huku. Tembea kuelekea Posta, kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, utamkuta Askari wa shaba aliyesimama hapo tangu 1927, singe ameielekeza bandarini.

Katika kutembea kwangu kote mjini sijakutana na mtaa wenye jina la makubaliano. Kuna Azimio, ng'ambo ya Temeke, lakini azimio ni mtu anayejiambia mwenyewe. Makubaliano na jirani hayajapata hata kichochoro.

Naandika haya kwa sababu ya sauti niliyoisikia dukani kwa shangazi yangu. Ana fremu ya vitenge pembeni ya Mtaa wa Kongo, na siku ambazo sina kipindi chuoni huwa namsaidia kuhesabu mzigo. Ilikuwa siku chache baada ya mwisho wa Julai 2025, serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Kenya ilikuwa inalalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na soko la pamoja la Afrika Mashariki. Kariakoo ilikuwa inashangilia. Fremu ya jirani waliweka spika nje, wakacheza kipande kile cha Mwalimu Nyerere cha Novemba 2, 1978, na mtaa mzima ukaitikia kama unaitikia wimbo: uwezo, sababu, nia. Halafu winga mmoja, kijana mchangamfu anayetuletea wateja, akapaza sauti akitengeneza toleo lake. Uwezo wa kuwatoa tunao, sababu za kuwatoa tunazo. Watu wakacheka na kupiga makofi.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anamfungia mzigo mteja wake wa miaka mingi kutoka Kampala.

Mimi nilicheka. Sina budi kulisema hilo mapema, maana makala hii ni uhakiki na mhakiki aliyecheka ana kesi ya kujibu. Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na hotuba ile naijua kwa moyo. Nikiwa sekondari niliighani kwenye mashindano ya shule, nikaigiza na ile sauti nyembamba, nikashinda. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ni matini ya aina gani, wala ilikuja kuchukua nafasi ya matini ipi.

Kuna matini iliyoitangulia. Tarehe 5 Oktoba 1972, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano mjini Mogadishu, msuluhishi akiwa Siad Barre wa Somalia. Wiki chache kabla yake, Septemba 17, wafuasi wa Milton Obote waliokuwa wamehifadhiwa na Tanzania walivuka mpaka kwenda kumpindua Idi Amin. Ilikuwa kazi iliyoharibika toka mwanzo. Ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliyochukuliwa Dar es Salaam ili iwabebe wapiganaji hadi Entebbe iliishia Kilimanjaro na matairi yaliyopasuka. Walioingia kwa miguu walipigwa Mbarara na Masaka. Amin akajibu kwa kurusha ndege za kivita kuipiga Bukoba na Mwanza. Vita kamili ilikuwa mlangoni, miaka sita kabla ya ile tunayoikumbuka, na ikazuiwa kwa karatasi.

Nilizisoma kurasa hizo kwenye Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi, katika nakala ya Kiingereza, na jambo la kwanza lililonishangaza ni ufupi wake. Mtu angeweza kuzisoma zote foleni ya mwendokasi ikiwa bado haijasogea. Pande zote mbili zinaacha mashambulizi na kuondoa majeshi yao umbali usiopungua kilomita 10 kutoka mpakani. Zinaacha propaganda za uhasama redioni na magazetini. Hazitawahifadhi wala kuwaruhusu watu wa upande mmoja kuendesha hujuma dhidi ya upande wa pili. Zinaachilia raia na mali zilizokamatwa.

Kwa mwanafunzi wa fasihi kifungu cha propaganda ndicho kitamu. Hapa serikali mbili zinakubaliana kuhusu lugha. Zinatambua, kwa maandishi na saini, kwamba tusi la redioni ni silaha inayopaswa kurudishwa nyuma pamoja na vifaru. Na ilikuwa miaka ambayo tusi lilikuwa limefikia kiwango cha sanaa: Amin ndiye aliyemtumia Mwalimu ujumbe wa kumwambia kwamba anampenda, na kwamba angekuwa mwanamke angefikiria kumwoa. Tunausimulia mpaka leo kama kichekesho. Waandishi wa Mogadishu waliona kitu ambacho wachekeshaji wetu hawakioni, kwamba jirani akishazoea kukudhalilisha hadharani, siku ya kukuvamia hahitaji hatua ndefu.

Lakini nisiipambe. Kama matini ya kuzuia vita, ile ya Mogadishu ina tundu kubwa: inasema kila upande utafanya nini, haisemi nini kitatokea usipofanya. Na msuluhishi wake? Kariakoo tunawajua watu wa kati. Winga hali mshahara, anakula kwenye maelewano, kwa hiyo anayataka maelewano hata kama mwenye duka na mnunuzi wamechoshana. Siad Barre naye alikuwa na yake, na miaka mitano baadaye, mwaka 1977, mtu huyohuyo aliyewahimiza majirani warudi nyuma ya mpaka alipeleka jeshi lake Ogaden kuuvuka mpaka wa Ethiopia. Hilo halibatilishi alichofanya 1972. Linaonyesha tu kwamba suluhu nyingi duniani zimepatikana kwa mikono isiyo safi, nasi tumezitumia.

Kasoro ninayoiona kubwa zaidi ni ya kijiografia. Mpaka wetu na Uganda upande ule ni mstari ulionyooka kwenye nyuzi moja kusini ya ikweta, mstari wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Mto Kagera hauujui mstari huo. Unapinda kusini yake, na kati ya mstari na mto kuna ardhi ya Tanzania ya kilomita za mraba zipatazo 1,800, yenye migomba, makanisa, misikiti na watu. Makubaliano yanapima kilomita 10 kutoka kwenye mstari. Yanazungumza kuhusu majeshi tu. Ukiyasoma hutajua kwamba ndani ya zile kilomita 10 kuna mtu anayechota maji.

Shangazi alikuwa anachota maji huko. Alikuwa na miaka kumi Oktoba 1978, jeshi la Amin lilipoingia na kukuta askari wetu wachache, likafika hadi mtoni, na Amin akatangaza kwamba eneo lile sasa ni la Uganda. Familia yao ilivuka daraja la Kyaka kabla halijavunjwa. Walivuka na mbuzi watatu wakafika na mmoja; hii ndiyo sentensi yake, na huisema kwa namna ileile kila mara, kama mtu anayesoma risiti.

Ndipo inapokuja hotuba. Nilipoisikiliza tena baada ya Mogadishu nilikuwa nimekwishajiandalia hoja safi: hapa makubaliano, makavu na yaliyosahaulika, pale hotuba, tamu na hatari. Msimamizi wangu aliisoma rasimu ya kwanza akaandika pembeni neno moja, "rahisi". Nilikasirika siku mbili.

Alikuwa sahihi. Kwanza, hotuba haikuwa na anasa ya kuwa kitu kingine. Nchi ilikuwa imevamiwa na watu wameuawa, na marafiki waliokuwa wakisihi suluhu walikuwa wanamsihi aliyevamiwa kwa sauti ileile waliyomsihi mvamizi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na kanuni hiyo ikawa kichaka. Tanzania ilitaka Amin alaaniwe. Haikupata laana hiyo. Kwenye kipande kinachochezwa Kariakoo, Mwalimu anawataja marafiki hao na kuwaomba waache maneno hayo. Hapo neno suluhu linaingia katika historia yetu kama neno la watu wasioelewa, na nadhani halijatoka hapo bado. Tunapomwita mwanasiasa "mtu wa suluhu" huwa tuna shaka kidogo na uti wa mgongo wake.

Pili, na hili ndilo nililolikosa miaka yote niliyoighani, ni kiambishi. Watu huyapanga yale maneno matatu wapendavyo, wengine huanza na sababu, wengine na uwezo. Kitenzi hakibadiliki: kumpiga. Si kuipiga, yaani Uganda. Si kuwapiga, yaani Waganda. Ni m, nafsi ya tatu umoja, mtu mmoja. Takriri inalirudia m hilo mpaka linakuwa kama msumari, na kila mara linampigilia mtu yuleyule. Kiswahili kinamlazimisha msemaji kuchagua yambwa yake, hawezi kujificha nyuma ya kitenzi kitupu kama angeweza kwa Kiingereza, na Mwalimu, aliyetafsiri Shakespeare, hakuwa mtu wa kuokota viambishi barabarani. Katikati ya tangazo la vita alikuwa anafanya diplomasia na wananchi wa nchi aliyokuwa anakwenda kuipiga. Aliacha mlango wazi upana wa silabi moja.

Kama jeshi lilipita katika mlango huo ni swali jingine. Vita haina sarufi. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, na katika njia ya kwenda huko Masaka na Mbarara zilibomolewa vibaya. Waliolala chini ya vifusi hawakuwa m, walikuwa wa. Mhakiki anayesifu kiambishi asiache kulisema hilo. Mwezi Julai mwaka huohuo, kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika mjini Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania kwa kuvuka mpaka na kuing'oa serikali ya jirani. Nchini kwetu lawama hizo tunazisimulia kama unafiki mtupu. Unafiki ulikuwepo. Swali nalo lilikuwepo: tukishakubali kwamba jirani mbaya anaweza kung'olewa na jirani mwenye uwezo, sababu na nia, ni nani atakayekuwa anapima sababu?

Kuna matini ya tatu, na hii sikutegemea kuipenda. Wakati vita inapiganwa, Mswisi mmoja, Victor Umbricht, alikuwa anazunguka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala akihesabu mabehewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Tanzania ilikuwa imeufunga mpaka wake na Kenya mwaka huohuo, na ulikaa umefungwa hadi 1983. Kilichobaki kilikuwa reli, ndege, meli, posta na madeni, na serikali tatu zisizotazamana usoni. Makubaliano ya usuluhishi yalitiwa saini Arusha Mei 14, 1984, na Moi, Nyerere na Obote, huyu wa mwisho akiwa amerudi madarakani. Mali zikagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ni hati ya talaka, na inachosha kama hati zote za talaka. Nilisinzia juu yake mara mbili.

Mwishoni, kwenye kifungu cha 14.02, baada ya kila sufuria kupewa mwenyewe, wanandoa wanakubaliana kutafuta maeneo ambayo siku za mbele wanaweza kushirikiana tena. Ndiyo hivyo tu. Hakuna tarehe, hakuna kamati ya kupigiwa makofi. Ukiwa mwanafunzi mkorofi utasema ni sentensi ya kujaza ukurasa. Lakini Mkataba wa Novemba 30, 1999 ulioianzisha Jumuiya upya unaitaja sentensi hiyo kwa namba katika utangulizi wake, kama mtu anayetaja jina la mkunga aliyemzalisha. Bila kifungu hicho pengine wangekutana vilevile. Siasa ina njia zake. Ila mimi ninayepima sentensi kwa kazi inayofanya nasema hii ndiyo nathari bora ya kidiplomasia iliyoandikwa Afrika Mashariki, na sijasikia mtu akiighani kwenye mashindano ya shule.

Haighaniki, hilo ndilo tatizo. Haina adui wala takriri, na haina mahali pa kuvuta pumzi. Tumejizoeza kuipenda lugha inayosimama wima, kwenye utenzi, kwenye mkutano wa hadhara, sasa kwenye klipu ya sekunde thelathini. Maelewano yanasemwa na mtu aliyekaa, mara nyingi amechoka, anayejua kwamba kesho atamwona tena huyu anayebishana naye. Kila siku Kariakoo inasema lugha hii kwa ufundi ambao Addis Ababa ingeukodi: maongezi yapo, tusikilizane, chukua pisi mbili nikupunguzie. Haiiheshimu tu. Ikitaka kujisikia kubwa inaazima lugha ya Novemba 1978.

Na ikiiazima inaiharibu. Yule winga wetu hakughani Nyerere. Alibadili herufi. Kutoka kumpiga kwenda kuwatoa si kubadili kitenzi tu. Ni kumwondoa mtu mmoja mwenye jina na kuweka kundi lisilo na mwisho. Mchana ule "wa" walikuwa Wachina wanaouza rejareja, na malalamiko juu yao si ya kupuuza, kwani wapo wenye fremu ndogo waliofilisika kwa sababu mwagizaji wa kontena ameamua kuuza pia kimojakimoja. Kufika jioni "wa" walikuwa Wakenya. Kesho yake nilisikia mtu akiuliza Wakongo wananunua tu au wameanza kuuza. Kiambishi hakina breki.

Amri yenyewe naweza kuielewa. Kila nchi inalinda riziki ndogondogo za watu wake, na majirani zetu wanazo kuta zao. Ninachokihakiki ni namna ilivyoshangiliwa, na kwa maneno ya nani. Matini ya vita dhidi ya mvamizi imetumika kuhusu watu waliokuja na leseni, ndani ya Jumuiya ambayo Somalia, ya Mogadishu ileile, imejiunga nayo mwaka 2024. Mwalimu anachezwa kwenye spika akipingana na kiambishi chake mwenyewe.

Jioni ile, tulipokuwa tunashusha mlango wa chuma, nilimweleza shangazi habari za makubaliano ya 1972. Hakuwa amewahi kuyasikia. Alinitaka nirudie kifungu cha kilomita 10, nikakirudia kwa Kiswahili changu cha papo hapo.

"Kyaka ni kilomita ngapi kutoka Mutukula?"

Nikamwambia ni kama thelathini.

"Na sisi tulikuwa katikati."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa hiyo walijua kuna vita inaweza kuja, miaka sita kabla, wakaondoa askari, hawakutuambia." Alifunga kufuli. "Lakini miaka sita si haba. Nilisoma mpaka darasa la tatu kwa hiyo miaka sita."

Sikuwa nimeyasoma hivyo. Katika rasimu yangu makubaliano ya Mogadishu yalikuwa "yaliyoshindwa", kwa kuwa vita ilikuja. Nimelifuta neno hilo. Vita iliyocheleweshwa miaka sita ni madarasa matatu ya mtoto mmoja, mavuno ya ndizi na kahawa, harusi, na mazishi yaliyofanyika kwa utaratibu. Kulingana na kipimo hicho hatujui kuhakiki suluhu, maana tunaihukumu siku inapovunjika tu, kama mtu anayekihakiki kitabu kwa ukurasa wa mwisho.

Tangu wakati huo najaribu kuyatafsiri makubaliano hayo kwa Kiswahili, yote, ili angalau mtu mwingine asiye na kadi ya maktaba ayasome. Vifungu vingi vinakubali. Nimekwama kwenye kile cha wasiotakiwa kuhifadhiwa. Nikiandika "waasi" nimemkabidhi Amin hoja yake. Nikiandika "wakombozi" nimeitetea safari ile ya matairi yaliyopasuka. "Wapinzani" ni neno la vyama vingi, la miaka ya tisini, halikuwa na maana hiyo 1972. Miongoni mwa waliovuka mpaka Septemba ile alikuwemo kijana aitwaye Yoweri Museveni, ambaye leo ni rais na anaketi mkutano mmoja na wetu. Obote mwenyewe aliendelea kuishi hapa Dar es Salaam hadi Amin alipong'oka. Nimemuuliza msimamizi wangu, akasema niweke maelezo chini ya ukurasa. Nimemuuliza shangazi, akasema huko kwao watu wale waliitwa "wageni wa serikali", na kwamba walikuwa wananunua ndizi kwa bei nzuri.

Kwa sasa nimeandika "watu".